Tulikwenda Salala Wawili, Tukarudi Watatu

Nyinyi wa Alkhamisi mmenichosha kwa masuali. Kila nikija Ansab kunywa kahawa, kabla sijavua viatu nasikia: "Haya, Asya, hebu tueleze, kulikuwaje huko Salala?" Nikianza, mmoja anataka khabari za mvua, mwengine anataka khabari za nyama, na wa tatu anauliza kwa nini mwanamke mzima mwenye akili zake aende kwa gari masafa yale wakati ndege zipo. Basi nimekaa nimeandika. Parwin mwenyewe kanipa ruhusa, kasema, "Andika yote, nimechoka kuyaficha." Someni mpaka mwisho.

Darsait mpaka Nizwa

Kwa wale wasiomjua, Parwin ni jirani yangu hapa Darsait, Maskati, mlango kwa mlango, jengo moja juu ya duka la rangi. Ni Muafghani. Alizaliwa Kabul, akakulia Peshawar ukimbizini, kisha akaolewa na muuza mazulia wa Matrah na kuletwa huku. Baba yake, Mzee Yaqub, anaishi naye tangu alipofiwa na mkewe. Mama yangu, Muunguja, ndiye aliyemfundisha Parwin Kiswahili, tena jikoni, maana mama akipika hataki kusemeshwa Kiarabu. Kwa hivyo Parwin anazungumza Kiunguja chenye lafudhi ya milimani, na pale kinapomshinda anamalizia kwa Kiarabu. Mimi na yeye hatujawahi kukosa la kusema.

Asubuhi moja aligonga mlango, hakutaka hata kukaa.

"Asya, nnataka kwenda Salala. Kuna dada yangu."

"Dada yako? Miaka yote hii hujanambia una dada!"

"Nnaye. Binamu yangu alipita huko akanunua mkate, akamgundua. Mumewe ana tanuri la mikate. Nipeleke kwa gari lako."

"Si upande ndege? Saa moja na nusu umeshafika."

"Sitaki ndege."

Nikadhani anaogopa kuruka. Nami, haki ya Mungu, nilikuwa na hamu ya kharifu, msimu wa mvua wa Salala. Huku tunaungua, kule manyunyu na majani mabichi. Nikakubali pale pale. Baba yake alimwambia anakwenda kutembea tu, kuona mvua. Hilo nililisikia, likanishangaza kidogo: mtu anakwenda kumwona dada yake, na baba haambiwi? Lakini nilikuwa nshaanza kufikiria nguo za kuchukua, sikuuliza.

Mama alitufungia katlesi, chapati, chupa mbili za chai na nasaha. "Nna khofu na njia ile," alisema. "Ngamia wake hawana adabu. Ukimwona mmoja, simama, mngojee na wa nyuma yake."

Tulitoka alfajiri, na kwa utaratibu wa watu wengine tungekuwa Nizwa kabla jua halijakaza. Parwin hakuniachia. Kwanza alitaka kusimama kununua maji, na maji tunayo. Kisha alitaka halwa ya kumpelekea mwenyeji wetu. Tulipofika Nizwa sokoni akaonja halwa ya kila sufuria mpaka muuzaji, mzee mmoja mpole mwenye kofia iliyokaa upande, akamuuliza kama anakwenda kuposa. Tulipokwisha kununua, tukapanda gari, tukatoka nje ya mji, akasema: "Turudi. Nadhani ile ya zafarani ilikuwa bora."

"Parwin! Ni halwa tu!"

"Turudi, Asya, tafadhali."

Tukarudi. Nilinuna, nakiri. Sikujua kwamba mwenzangu alikuwa anaivuta siku kwa mikono miwili isiende mbele.

Nizwa mpaka Haima

Baada ya mji wa Adam hakuna kitu. Mlioruka kwa ndege mmepishana na hako kajangwa kwa dirisha mkinywa juisi. Mimi nimekaa nako. Njia imenyooka hata mikono inasahau kazi yake, na ardhi ni rangi ya biskuti pande zote. Tulikula katlesi za mama tukiwa tunakwenda. Parwin alikuwa akinimegea kipande na kunitia mdomoni ili nisiachie usukani.

Ngamia hawakutufanya lolote. Kilichotufanya ni tairi. Ilipasuka kwa mshindo, gari likayumba, nikalishika mpaka likasimama pembeni, kwenye mchanga. Tukatazamana. Joto lile la nje ukifungua mlango ni kama kufungua tanuri. Lori lililokuwa likitoka Salala lilisimama upande wa pili, dereva wake akavuka akiwa amejitanda kilemba usoni, akatufungia tairi ya akiba bila kusema neno zaidi ya "salam aleikum" na "maasalama". Mpaka leo sijui sura yake. Namwombea tu.

Haima tuliingia pole pole kama wazee. Fundi wa matairi alikuwa Mpathani wa Swat, kule Pakistani, jina lake Zaman, mwenye ndevu nyekundu za hina. Alilitazama gurudumu lililoharibika, akalizungusha, akatikisa kichwa. Ringi lilikuwa limepinda, na bila tairi ya akiba hakutaka twende mbele. La saizi yake alikuwa hana, ila angemwagizia mwenzake Nizwa alitie kwenye basi, na lingefika kesho.

"Kesho!" nikapiga kelele. "Tutafanya nini Haima mpaka kesho?"

Parwin, badala ya kusikitika, akaanza kumsemesha kwa Kipashto alichojifunza Peshawar, kambini. Yule fundi akaacha spana. Walizungumza, wakacheka, kisha akatutolea viti viwili na chai ya kijani yenye hiliki. Niliuliza wanacheka nini. Parwin akasema, "Anasema Kipashto changu ni cha watoto wa mtaani. Nina matusi yote ya miaka ile, na adabu sina hata moja."

Kwenye mkahawa wa nyumba ya wageni tuliyopata palikuwa na msichana wa Kiganda, Prossy, anayehudumu mezani. Nilimsikia akiimba kwa Kiswahili huku akifuta meza, moyo ukanifunguka.

"Mwanangu, unajua Kiswahili! Basi tupikie mkate wa maji, tumechoka na vya kwenye gari."

Akanikodolea macho. "Ee, madam! Wewe Mwarabu unaongea Kiswahili kama wa redioni!"

Akaenda jikoni, akarudi mbio na sahani ya mkate wa kukata na jagi kubwa la maji baridi.

"Hii nini?"

"Si umesema mkate na maji, madam? Nikajua labda una tumbo."

Nilicheka mpaka ushungi ukaniponyoka. Nikamweleza kwamba kwetu mkate wa maji ni ule wa unga wa kukoroga na yai, unamiminwa kwenye kikaango. "Aaa! Sisi hiyo tunaita chapo ya maji," akasema. "Sasa ungesema chapo!" Akatupikia kumi, nyembamba, zenye kitunguu, naye akakaa nasi kidogo alipopata nafasi, akatuonesha picha za mwanawe aliyeko Masaka. Nikisema safari ile ilikuwa na baraka, Prossy ni mojawapo.

Haima, baada ya Alasiri

Chumba chetu kilikuwa na kiyoyozi kinachonguruma kama trekta. Tuliswali, tukajinyoosha vitandani, na Parwin akasema huku akitazama dari:

"Asya, Nilofar si dada yangu wa damu."

"Nani Nilofar?"

"Huyo tunayekwenda kumwona."

Akanieleza, na mimi nakuelezeni kama alivyosema. Nilofar alikuwa binti wa jirani yao Kabul, ng'ambo ya kijia. Baba yake, Karim, alikuwa mwalimu wa jiografia. Mzee Yaqub alikuwa na lori la kubebea zabibu. Wanaume wale walikuwa marafiki tangu ujana, na binti zao walizaliwa mwaka mmoja, wakagawana mpaka kitana cha nywele. Kisha makundi yakaanza kupigania mji. Maroketi yakianza, familia zote mbili zilikuwa zikishuka kwenye handaki moja, watoto wakifundishwa nyimbo ili wasisikie.

Siku moja humo handakini, roketi lilianguka karibu mno, na Parwin akajikojolea. Hakuna aliyejua isipokuwa Nilofar, aliyekaa karibu naye. Kesho yake Nilofar aliwahadithia wasichana wa mtaa, wote wakacheka. Parwin alikuwa na miaka tisa.

"Jioni ile ile," alisema, "baba aliamua tuhame. Lori lina nafasi ya kila mtu, sisi na wao. Akanituma: vuka, mwambie Ustadh Karim tunaondoka alfajiri, wawe tayari. Nikavuka. Nikafika mlangoni, nikanyanyua mkono nigonge. Ndani nikamsikia Nilofar anacheka. Nikajua ananicheka mimi. Nikashusha mkono, nikarudi."

"Ukamwambia nini baba yako?"

"Nikasema, wamesema hawaendi."

Mzee Yaqub aliamini, kwa sababu yeye na Karim walikuwa wamebishana wiki nzima, Karim akishikilia kwamba mwalimu hakimbii skuli yake. Alfajiri risasi ziliponyamaza kidogo, lori likaondoka. Nyuma kulikuwa na nafasi tupu ya watu watano, na Parwin alilazwa hapo juu ya magodoro. Tangu siku ile hakujua kama wale watu wako hai au wamekufa, mpaka binamu yake aliponunua mkate Salala.

"Ulikuwa mtoto, Parwin."

Akageuka, akanitazama vibaya. "Hilo najiambia mwenyewe kila siku. Sikukuchukua uje unambie hilo. Ningepanda ndege ningefika kwa lazima. Nilitaka njia ambayo naweza kugeuza nikarudi, na mtu wa kunizuia nisigeuze. Ushafahamu?"

Nikafahamu. Nikakumbuka na halwa ya Nizwa, nikaona haya kwa kununa kwangu. Nikamwambia, "Kesho, hata kama ringi halijaja, nitakupandisha basi." Akacheka kidogo, akalala usingizi mzito, mchana mweupe, na kiyoyozi kikinguruma.

Thumrait mpaka Salala

Ringi lilifika na basi kama Zaman alivyoahidi. Alilifunga, akamwambia Parwin kitu kwa Kipashto, akaweka mkono kifuani. Tukapita Thumrait, na baada yake jangwa likaanza kupanda. Halafu, jamani, sijui niseme vipi. Unatoka kwenye jua linalochoma, unaingia kwenye ukungu kama umevuka mlango. Kioo kikalowa. Upande huu mawe, upande ule majani mabichi na ng'ombe wamesimama barabarani wanatafuna. Gari zote ziliwasha taa, zikashuka mlima kwa mwendo wa miguu. Parwin alifungua dirisha, akatoa mkono, akaurudisha umelowa, akajipaka usoni.

Binamu alikuwa ametuelekeza: tanuri la Muafghani, karibu na duka la nazi. Salala kila kitu kiko karibu na duka la nazi. Tulisimama kwenye la kwanza. Mimi nilishuka kwanza, abaya yangu nyeusi, miwani ya jua, simu mkononi. Muokaji aliponiona alisema kitu kwa sauti kali. Wenzake watatu wakaruka. Mmoja akavaa kofia ya nywele, mwengine akafunika unga, wa tatu akaanza kufagia. Yeye mwenyewe akaja mbio na kitambaa, akifuta kaunta huku akisema kwa Kiarabu, "Karibu, mama, kila kitu safi, tafadhali kagua mpaka nyuma."

"Nikague nini?"

"Si wewe mkaguzi wa baladia, wa manispaa?"

Parwin akaniondoa njiani na kumsemesha kwa Kidari, lugha yao ya Kabul. Yule bwana alikaa chini kwenye gunia la unga, akashusha pumzi. Hakuwa yeye tuliyemtaka, lakini alimjua. Akatupa mikate miwili ya moto na kutuelekeza mtaa wa tatu.

Pale mtaa wa tatu hatukuhitaji kuuliza. Mwanamke mnene, mwenye mikono imejaa unga mpaka vifundoni, alikuwa amesimama mlangoni akigombana na muuza gesi. Parwin alisimama katikati ya njia. Yule mwanamke aliacha ugomvi wake katikati ya neno. Sijui alimjuaje, alimwacha mtoto wa miaka tisa na sasa alikuwa akimtazama mwanamke mwenye mvi. Alipiga ukelele mmoja, akaja, na abaya ya Parwin ikawa nyeupe mgongoni kwa alama za vidole vyake.

Salala

Nilofar ni mtu wa kupendwa upesi. Anacheka kwa mwili mzima, anasema Kiarabu cha Dhofar kwa kasi, na kwake huwezi kuona sehemu ya kitambaa cha chakula, sahani zimejaa: wali wa karoti na zabibu kavu, bolani, yaani chapati zilizotiwa giligilani ndani, na mantu, vifurushi vya nyama vya mvuke vyenye mtindi juu. Familia yake ilikimbilia Iran, Mashhad, wakati mambo yalipozidi. Huko aliolewa na Nasim, muokaji, mtu mkimya anayelala mchana na kuamka saa ambazo sote tumelala. Baba yake, Karim, alifariki Mashhad. Kaka yake Faridun yuko huko mpaka sasa, ni fundi cherehani, na mguu mmoja hana. Ulikatwa baada ya roketi kuanguka uani kwao, majira ya baridi, miezi michache tangu lori lile liondoke.

Haya Nilofar aliyasema huku akitupakulia, bila kujua anavyomchoma mwenzake. Siku ya kwanza Parwin hakuthubutu kukiri. Siku ya pili akafungua mdomo, Nilofar akamtia kijiko cha wali.

Siku ya tatu tulikwenda mlimani, Ittin, kama wafanyavyo watu wote msimu ule. Tukatandika mkeka kwenye majani, manyunyu yakitudondokea kama mtu anayechezea ungo wa maji, tukala mishikaki. Zilituzunguka pande zote familia za watu na majiko yao. Nilofar alikuwa katika furaha kubwa, akihadithia ya utotoni kwa Kiarabu ili nami nicheke. Akasema:

"Na Parwin, unakumbuka ulivyojikojolea handakini? Nami nilikuwa nimekaa karibu nawe, nikajifanya ni maji ya birika!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Parwin akaweka mshikaki chini, akaanza kusema kwa Kidari, sauti ya chini, macho kwenye mkeka. Sijui Kidari, lakini nilijua yuko wapi kwenye kisa: nilimwona akinyanyua mkono kama wa kugonga, akaushusha.

Uso wa Nilofar uliganda. Akanigeukia mimi, kwa Kiarabu: "Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu Haima."

Akasimama, akaondoka, akaingia kwenye ukungu bila viatu. Hatua chache tu, hatumwoni tena. Nilitaka kumfuata, Parwin akanishika nguo. "Mwache. Ana haki ya kuondoka."

Tulikaa. Mishikaki ikapoa. Familia ya jirani ilituletea nazi, tukashukuru, hatukuzigusa. Nilianza kuwaza tutarudije mjini na yeye ndiye anayejua njia. Hatimaye alitokea, kitambaa chake kimelowa chapa, akasimama juu yetu.

"Baba yangu alimlaani baba yako mpaka siku anakufa," alisema kwa Kiarabu, na nadhani alikitumia makusudi, ili niwe shahidi. "Faridun alipokatwa mguu, baba alisema: Yaqub alikuwa na lori, ameliondoa tupu. Hakutuambia hata kwaheri. Tulikatazwa kulitaja jina lenu ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nalitaja chooni."

"Nisamehe," Parwin alisema.

"Nimekasirika. Usinitake niseme sijakasirika." Akakaa chini, kwa uzito. "Nilipokuwa nacheka mle ndani, Faridun alikuwa amejifunga kilemba cha baba anamwigiza mwalimu mkuu. Sikuwa nakucheka wewe. Lakini mchana nilikucheka, tena sana, nawe ulinisikia." Akaokota mshikaki mmoja, akautazama. "Kuleni basi, nyama inaloa."

Tukala. Na ilikuwa nyama nzuri.

Asubuhi yake alimpigia Faridun na kumpa Parwin simu. "Mwambie mwenyewe. Mguu ni wake, si wangu." Parwin akamwambia yote. Faridun alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja: kama Yaqub yuko hai. Alipoambiwa yuko hai, yuko Maskati, akasema, na Nilofar akanifasiria papo hapo:

"Mguu wangu ulikatwa na waliorusha roketi, si na mtoto. Lakini wazee wawili walitengana kwa uongo, na mmoja kafa nao. Nilofar, nenda ukamwambie aliyebaki."

Nilofar akaanza kufungasha nguo.

Njia ya kurudi

Kesho yake alfajiri Nasim alitutilia mikate nyuma ya gari, mingi kana kwamba tunakwenda kulisha askari, akamuuliza mkewe atarudi lini. Mkewe akasema, "Nikimaliza." Akakubali, akaenda kulala.

Mpaka Thumrait, Nilofar alikaa mbele, kimya, na Parwin nyuma, kimya. Nikasema moyoni, leo nitakufa kwa ukimya. Lakini jangwa lina yake. Baada ya Thumrait, Parwin alisema, bila kumlenga mtu, kwamba wali wa Salala ulikuwa mzuri ila karoti zilikatwa nene.

Nilofar akageuka kitini. "Nene? Mama yako mwenyewe alikuwa anakata nene!"

"Mama yangu? Mama yangu alikuwa anakata kama uzi!"

Wakagombania karoti mpaka Haima, kwa lugha tatu, wakiniita mimi niamue. Niliwaambia sisi Waunguja wali tunaupika kwa nazi na hatuna shida hizo. Wote wawili wakaniambia ninyamaze. Hapo nikajua mambo yanakwenda vizuri.

Haima tulisimama kwa Prossy. Alipoona tumekuwa watatu alituletea chapati za maji bila kuuliza, na Nilofar akamwachia mikate sita. Tulipokaribia Nizwa nilisikia kimya tena, nikatazama kioo: Nilofar alikuwa amehamia nyuma tangu Haima, na wote wawili wamelala, vichwa vimegongana, midomo wazi.

Darsait

Tulifika mchana baada ya Adhuhuri. Mzee Yaqub alikuwa amekaa kwenye godoro lake karibu na dirisha, na mama yangu alikuwa amempelekea uji. Wazee wale hawana lugha moja ya pamoja, lakini kila siku hukaa na kuonyeshana vitu njiani.

Nilofar aliingia, akapiga magoti, akambusu mkono. "Mimi binti wa Karim," akasema.

Mzee akamshika kidevu kama unavyomshika mtoto. Akauliza khabari za Karim, akaambiwa kafariki, akainua mikono akamsomea Fatiha, na sauti yake haikutetereka. Kisha Parwin akakaa mbele yake na kumwambia. Mimi na mama tulikuwa mlangoni, Nilofar kaja kusimama nasi. Alinong'ona akinifasiria kila neno, nami nikimfasiria mama kwa Kiswahili, kwa hivyo maneno yalipita midomo mitatu, lakini yalifika.

Alipokwisha, mzee alikaa akitazama viganja vyake. Nilitaraji hasira, au machozi. Akauliza: "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, baba."

"Tisa." Akatikisa kichwa. "Jioni ile walikuwa wakipiga risasi kutoka kwenye paa la kona. Kijia kile kilikuwa hakipitiki kwa usalama. Nilikwambia uvuke kwa sababu nilijua mtoto hawampigi. Nilidhani hawampigi. Mimi nilikuwa naogopa kuvuka, Parwin. Rafiki yangu alikuwa hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu, nami nikamtuma mtoto. Ulipotoka nilisimama nyuma ya mlango nikaomba Mungu tu urudi. Uliporudi sikusikia hata ulichosema. Lau ungesema wamekubali, ningesikia hivyo hivyo. Ningekwenda mwenyewe, wangekuwa nasi ndani ya lori. Miaka yote nadhani Karim hakuja kwa kuwa aliudharau woga wangu. Si wewe uliyemwacha. Ni mimi."

Mama yangu alinishika mkono. "Kasemaje?" akauliza, maana nilikuwa nimesahau kumfasiria. Nikamwambia. Akasema, "Masikini mwana," na sikujua anamkusudia yupi, kwani walikuwa wengi mle ndani.

Parwin alijinyoosha pale pale zuliani, akaweka kichwa chake kwenye paja la baba yake, na mzee akawa anamchambua mvi kwa vidole, taratibu, kama aliyeanza leo kuziona. Nilofar akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akanivuta mkono, na mama tukamvuta. Tukaingia jikoni, tukafunga mlango, tukawaachia chumba. Nilofar akafungua makabati yote, akauliza karoti ziko wapi.